Abee Si Ndiyo

Madale, Dar es Salaam

Baba Nasri, mume wangu,

Assalaam alaykum. Shuleni walitufundisha kuanza barua kwa kusema hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali na upeo wa macho yangu, nasi tukawa tunayaandika hivyo hivyo bila kuyafikiria. Leo nayaandika kwa kumaanisha. Mie mzima, kula nakula, kulala nalala, lakini mashaka ninayo, na mengine ni juu yako kweli. Mgongo wako unaendeleaje baada ya kupulizia mikorosho? Nasri bado anakohoa, au ile "amepona" yako ilikuwa ya kuniondoa kwenye simu? Na mama mkwe, miguu imepungua kuvimba? Naomba unijibu moja moja. Usinikusanyie wote kwenye "huku hatujambo".

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu yako, mume wangu, inakaa kwenye chaji dukani kwa kaka yako kuliko inavyokaa mfukoni mwako, na ujumbe nikiutuma unasomwa na duka zima kabla hujaufikia. Juzi shemeji alinipigia kunipa pole ya jino. Hilo jino nilikuambia wewe peke yako. Kwa hiyo nimeandika, nimeibandika bahasha kwa gundi, na nimempa Bi Salma, jirani yangu wa hapa, anayekuja Newala kwenye harusi ya mpwa wake. Tazama vizuri pale kwenye mkunjo. Ukikuta gundi imechezewa nijulishe, na akirudi nitajua la kumwambia.

Hapa Madale ni vilima vitupu na nyumba mpya ambazo kila moja imekwama mahali pake, moja kwenye madirisha, nyingine kwenye bati. Malori ya saruji yanatokea upande wa Wazo na kupita barabara ya chini tangu alfajiri, na mtu akiwa anaongea inabidi anyamaze mpaka lori lipite. Nimepanga chumba cha uani kwa mwalimu mstaafu, mama wa Kilimanjaro. Ni mtu wa dini na hana makuu, ila nikitoka na mfuko lazima aulize, "Umebeba nini, mwanangu?" Sijui anadhani namwibia nini. Nyanya zake za kwenye ndoo zenyewe zina madoa.

Sasa nije kwenye kazi, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Unajua nusu yake tu. Sisi wauguzi wapya tulioajiriwa kwenda zahanati za vijijini tumeletwa kwenye kituo cha afya hapa ili tufanye kazi chini ya wauguzi wazoefu kabla ya kuachwa wenyewe. Kila mmoja wetu amepewa mlezi. Ndivyo wanavyomwita, mlezi, wakati mie mwenyewe nina mtoto anayechunga mbuzi! Mlezi anakuwa nawe kazini kila siku, na ukishafika kijijini anaendelea kukupigia simu kila wiki, na ukikwama unampigia wewe, saa yoyote, hata kama yuko mapumzikoni. Nilipoelezwa hivyo siku ya kwanza nikauliza, "Na yeye anapata nini?" Wenzangu wakacheka. Mie sikuona cha kuchekesha.

Mlezi huyo huyo ndiye anayesema kama uko tayari au bado. Akisema bado, huendi kwenye kituo chako. Na wewe unajua zahanati yetu ilivyo tangu yule muuguzi wa kwanza alipohama: mlango una kufuli, na wajawazito wanapakizwa kwenye bodaboda mpaka mjini huku wameshika tumbo. Nafasi ile ni yangu, nimeisomea, na iko hatua chache kutoka kitandani kwangu. Kwa hiyo mtu mmoja tu nisiyemjua, wa Bukoba, ndiye aliyesimama kati yangu na nyumba yangu. Ungekuwa wewe usingemtilia shaka?

Anaitwa Sista Felista. Ni mama wa makamo, mrefu, anatembea polepole na viatu vyake havitoi sauti hata kidogo, na hilo peke yake lilinitosha. Uko kwenye trei unahesabu glavu, ukigeuka yuko nyuma yako. Anatazama mikono yako. Ukimaliza anauliza, "Umejuaje?" Nimempima mama presha, nimesema iko juu, anauliza nimejuaje. Nimesema mtoto amekaa vizuri tumboni, nimejuaje. Mwanzoni nilidhani hanielewi Kiswahili changu cha kusini. Baadaye nikaona ananitafuta pa kunikamatia.

Halafu akaanza maswali ya nyumbani. Barabara ya kwetu inapitika masika? Mtandao unashika wapi, ndani au mpaka upande kwenye mwinuko? Nyumba ya muuguzi ina komeo? Nani anaishi karibu? Mumeo ni mtu wa namna gani? Hapo nikamwambia ni mtu wa kawaida. Mtu anauliza komeo la nini kama hana lake jambo? Na mara nyingi nilimwona nyuma ya kituo, kwenye kamba za kuanikia mashuka, anaongea na simu kwa sauti ya chini. Nikitokeza anasema, "Tutaongea baadaye," anaikata.

Nikamweleza mwenzangu Rehema. Huyu ni mtoto wa Temeke, muuguzi mpya kama mie, amepangiwa kijiji kimoja huko bara na anakiogopa kabla hajakiona. Rehema aliacha kula mhogo wake akanitazama kwa huruma.

"Shoga, we umelala. Huyo mama anakuchimba. Mie nimezaliwa hapa hapa Dar, wala sijawahi kuonaga mtu anauliza maswali yote hayo bure. Ana mtoto wa dada'ke kamaliza uuguzi, anamtafutia kiti. Kiti ndo chako."

"Nani kakwambia ana mtoto wa dada yake?"

"Nani hana?"

Nikaona ana hoja. Kuanzia hapo kila alichofanya Sista nilikipima upya. Siku aliyoniletea ndizi za kupika kutoka kwao nikampa mwenye nyumba, nikasubiri kuona kama atapata ugonjwa wowote. Hakupata. Alisifia sana.

Sasa sikiliza kilichotokea, na usimsimulie mama mkwe mpaka nije mwenyewe.

Ilikuwa mchana, mvua inapiga bati mpaka huwezi kusikia unachofikiri. Chumba cha kujifungulia kina vitanda viwili na pazia katikati. Kwangu alikuwa binti mmoja anayeuza chapati kule chini Wazo, mimba ya kwanza, jasiri sana, anauma kanga wala hapigi kelele. Utaratibu wa hapa ni kwamba mmoja anapokea mtoto na mwingine anamchoma mama sindano ya kuzuia damu mara tu mtoto anapotoka. Sista alikuwa ameshaivuta ile dawa kwenye bomba la sindano na kuiweka kwenye trei. Mtoto akatoka, mvulana, lakini amelegea na halii. Mie nikamkausha, nikamsugua mgongo, macho yangu yote kwake. Wakati huo huo mama wa kitanda cha pili akaita kwamba naye mtoto anakuja, na Sista akakimbilia upande wa pili wa pazia.

Akiwa kule akanipigia kelele kitu. Nilisikia jina langu, yaliyobaki yakaliwa na mvua. Nami nikajibu kama ninavyomjibu mkubwa yeyote tangu nijue kusema: "Abee!"

Nikasubiri arudie. Hakurudia. Nikasema basi halikuwa jambo kubwa. Mtoto akapiga chafya, akalia, nikamshukuru Mungu, nikamweka kifuani kwa mama yake. Sindano nilijua Sista ameshachoma kabla hajaondoka, kwa sababu kwenye trei sikuiona. Kumbe kitambaa kilikuwa kimeifunika.

Yule binti akaniambia taratibu, "Nesi, nasikia baridi." Nikafunua shuka. Baba Nasri, sitakueleza nilichokiona. Nilichoweza ni kuita, na Sista, aliyekuwa ameshampokea mtoto wa kitanda cha pili, alifika, akaanza kumsugua tumbo kwa nguvu huku akiniuliza, "Si umemchoma?" Nikasema, "Si umemchoma wewe?" Akainua kile kitambaa. Bomba lilikuwa pale pale, limejaa.

Alichoma, tukatundika dripu, tukasugua tumbo kwa zamu mpaka likawa gumu na damu ikapungua, kisha ikakata. Binti akanywa uji, akauliza mtoto amefanana na nani. Wote wawili wameshakwenda nyumbani, wazima, na juzi alipita kliniki akaniletea chapati. Lakini siku ile nilitoka pale nikakaa kwenye benchi la nje na mvua yote ile, na nilichokuwa nafikiri si yule binti. Nilikuwa nafikiri kwamba Sista sasa amenipata.

Rehema akaja kukaa nami, akanipanga. "Kesho wataita kikao. We useme hivi: aliuliza, ukamwambia bado, yeye ndo hakusikia. Mvua ilikuwepo, nani atabisha? Ukijilainisha tu, ishu yote inakuangukia wewe."

Nikaukariri uongo huo usiku kucha. Nakwambia ukweli kwa sababu wewe ndiye mume wangu. Niliukariri mpaka nikaanza kuuamini.

Kikaoni walikuwepo mganga mfawidhi, yaani mkubwa wa kituo, kijana wa dawa, Sista, Rehema na mie. Nimekaa na neno langu mdomoni. Kabla sijaulizwa Sista akasema, "Nianze mie. Nilitoka kitandani kwa mama kabla kazi haijakwisha. Nikauliza kama amechomwa, na jibu nililolipata nililijazia mwenyewe."

Nikashtuka. Mkubwa gani anajianza mwenyewe? Nikajua huo ni mtego, anajishusha ili nami nishuke, halafu yeye ainuke. Nikakaza uso.

"Zuhura," akasema, "nilipokuuliza ulijibu nini?"

Neno la Rehema lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini yule mama alikuwa ananitazama mikono, kama kawaida yake. Nikasema, "Nilisema abee."

"Ndiyo. Nami nikasikia abee. Maana yake umeshamchoma."

"Hapana, Sista. Maana yake nipo, sema tena."

Kisha wote wakaanza kuongea kwa pamoja. Sista anasema kwao mtoto akimwitikia mkubwa abee amesikia na ametii, mambo yamekwisha. Rehema akasahau kwamba alinifundisha uongo, akarukia: "Jamani! Sie Temeke abee ni kuitikia tu. Mama ananiita niko bafuni nasema abee. Hapo nimekubali nini?" Kijana wa dawa akasema hata wanaume na naam yao ni yale yale. Mganga mfawidhi akakuna kichwa. "Mie mke wangu nikimuuliza kama amenunua umeme, akisema abee natulia." Rehema akamuuliza, "Na umeme unakuwepo?" Akasema siku nyingine wanakula gizani. Tukacheka, hata mie, halafu nikakumbuka damu ya yule binti nikaacha kucheka. Neno la heshima nililofundishwa na mama yangu, kila mtu mle chumbani alikuwa na maana yake, na hakuna aliyewahi kuuliza ya mwenzake.

Ningesema nini lakini? Fikiria wewe. Mtu wa umri wa mama yangu ananiita, sijasikia. Niseme "nini"? Niseme "unasemaje"? Mama angenizaba kofi kutoka huko huko Newala. Sisi mkubwa hatumwambii hatukusikia. Tunasema abee na kutega sikio.

Basi ikatoka amri kwamba mle ndani abee mwisho mlangoni. Ukiulizwa, unarudisha maneno kamili: "Sindano nimechoma," au "Sindano bado." Na ukiwa hujasikia unasema hivyo hivyo, hujasikia. Ukafuata ufundishaji wake, na hapo ndipo niliposulubika. Sista ananisimamisha pembeni, yeye anakwenda upande wa pili, anafungulia maji ya bomba, anabwabwaja kitu. Nami, "Abee." Anatikisa kichwa. Anabwabwaja tena. "Abee, Sista." Hapana. Mwisho nikasema, "Samahani Sista, naomba radhi, sikukusikia vizuri, unaweza kurudia?" Akafunga maji.

"Mama ameshamwaga damu nusu ndoo wakati wewe unaomba radhi. Ondoa samahani. Sema: Sijasikia, rudia."

"Siwezi kukuambia hivyo."

"Kwa nini?"

"Wewe ni mkubwa wangu."

"Kijijini kwako nitakuwa kwenye simu, mtandao unakatika, nakupa kipimo cha dawa. Utaniambia abee?"

Nikapiga kelele. Sijui ilitoka wapi. "SIJASIKIA, RUDIA!" Mpaka mgonjwa wa nje akachungulia. Nikalia, Baba Nasri, nilijiona nimemtukana mzazi. Yeye akasema tu, "Hiyo. Tena." Nikawaza, anataka kunivua adabu ili nirudi kijijini mtu asiyekalika naye, wanichukie, nikimbie, kiti kibaki wazi. Ndivyo nilivyowaza, nawe usinicheke.

Wiki hiyo hiyo nikaenda kuanua mashuka nikamkuta kwenye kamba zake na simu. Alikuwa amenipa mgongo. Nikamsikia kwa masikio yangu mawili: "Huyo wa Newala? Hapana. Simwachi aende..." Lori likapita chini, maneno yakafunikwa. Lilipokwisha kupita alikuwa ameshakata.

Nikamwambia Rehema. "Si nilikwambia?" akasema, lakini safari hii hakuwa na furaha, akanishika bega. Nikarudi chumbani nikapanga nguo zangu zote kwenye begi. Nilikusudia kuja nyumbani bila sahihi ya mtu, nikalime korosho nawe, na zahanati na kufuli lake wajuane wenyewe. Nilikuwa na hasira na nilikuwa na aibu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimeanza kumpenda.

Asubuhi nikamkuta anafungua chumba.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Begi la nini?"

Sikumjibu la begi. Nikamwambia, "Jana uliongea na simu kuhusu mie. Nilisikia nusu. Nusu nyingine sijasikia. Rudia."

Sikusema samahani. Alisimama na funguo mkononi, na mara ya kwanza tangu nimjue akanitazama usoni, hakutazama mikono. Akasema polepole, neno kwa neno: "Nilisema, huyo wa Newala simwachi aende peke yake. Nilisema nataka ruhusa niende naye, nikae kule mpaka ajue kila dawa iko wapi na namna ya kuita gari la wagonjwa. Wananizungusha. Kila siku wananiambia tutaongea baadaye."

Ndiyo maana ya barabara, na mtandao, na komeo. Alikuwa anataka kujua atalala wapi.

Nikamuuliza tena lile swali langu la siku ya kwanza, yeye anapata nini. Akasema alianzia kazi kijiji kimoja huko kwao Kagera, msichana, peke yake, na alikuwa akishikwa na hofu anaingia stoo ya dawa kulia, kisha ananawa uso na kutoka kama mtu anayejua. "Sipati kitu," akasema. "Sitaki tu mwingine alie stoo."

Siwezi kukuambia nimemwamini kabisa. Nimemwamini kiasi cha kurudisha nguo kwenye msumari. Mtoto wa dada yake nilimuuliza pia. Yupo, ni fundi wa kuchomelea.

Ruhusa imetoka. Mwezi ujao tunakuja wote wawili, mie na yeye, zahanati itafunguliwa. Lakini jana, tunakunja mashuka, aliniuliza jambo lililonifanya nikose usingizi. Aliniuliza, "Mumeo amekubali? Usiku mwanaume mgeni akigonga dirisha, mkewe ana uchungu, wewe utainuka umfuate. Amekubali hilo?"

Nikasema, "Nilimuuliza. Alisema haya."

"Haya ipi?"

Nakujua, Baba Nasri. Una haya ya sawa, una haya ya nimechoka na maneno, na una haya ya fanya unavyotaka utaona mwenyewe. Siku unanisindikiza stendi nilikuuliza, na wewe ukasema haya, ukainama kufunga kamba za begi ambazo zilikuwa zimeshafungwa. Nami nikaichukua ile ya kwanza kwa sababu ndiyo niliyoitaka. Nimejazia mwenyewe. Ukisema huna wivu nitakataa. Unao, tena wa kimya, na mie pia ninao, ndiyo maana tumeoana. Lakini siwezi kuja kuvunja kufuli la zahanati halafu usiku wa kwanza dirisha likigongwa nikukute umekaa kitandani umenuna. Hapo kutakuwa na mwanamke mwenye uchungu anayesubiri.

Kabla sijafika mwisho, mfikishie mama mkwe shikamoo yangu na umwambie asiache kuinua miguu juu ya mto. Wifi yangu Somoe mwambie mimba ya miezi hiyo si ya kubeba ndoo ya maji kutoka bondeni, na kliniki aende hata kama anajisikia mzima. Kaka yako wa dukani msalimie kwa jino langu, limepona. Nasri mbusu kisogoni, anapochukia kubusiwa, na umwambie mbuzi wote awahesabu mwenyewe, asikuachie wewe.

Bi Salma atarudi harusi ikiisha, mpe jibu lako, na wewe pia ubandike gundi. Usinipigie simu. Nataka maandishi. Andika, "Nimekubali uitwe usiku, na nitaamka nikufungulie mlango." Au andika, "Sikubali." Ukiandika sikubali nitalia, lakini nitakuwa nimesikia.

Mkeo,
Zuhura